Kufunga macho, swichi, taa na kufuli kwenye boksi la geti la umeme

Maswali kuhusu mageti ya umeme ni yale yale, yawe yametoka Fumba, Mbweni au Chake Chake, hapa kwetu Zanzibar. Nimefunga macho (vihisi viwili, kimoja kinarusha mwali na kingine kinaupokea, vigundue kilicho njiani), sasa geti linafunguka lakini halifungi. Nimeweka swichi ya ndani, rimoti imekufa. Kufuli inavuma tu, haiachii. Mara nyingi mwenye nyumba huambiwa bodi (sakiti inayoongoza geti) imeungua, anaagiza nyingine kwa pesa nzuri, inafika, inafungwa, na tatizo liko pale pale. Bodi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa waya mmoja uliokaa kwenye tundu lisilo lake, au jampa, kipande kifupi cha waya, iliyotolewa ikatupwa.

Mwongozo huu ni wa kuongeza vifaa kwenye geti ambalo mota yake imeshafungwa na linakwenda na kurudi kwa rimoti. Kama bado halijatulia hapo, malizana na hilo kwanza. Zima umeme, achia mota kwa ufunguo wake wa dharura, usukume geti kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Likikwama pahala, tengeneza magurudumu au bawaba kabla hujagusa waya wowote.

Maswali mawili ya kila kifaa

Kabla hujakaza skrubu, jiulize mambo mawili. Kwanza, kifaa hiki kinakula umeme? Swichi ya kubonyeza haili chochote. Macho, kibodi cha namba na kufuli vinakula. Pili, kinaipa bodi nini? Karibu kila kifaa kinachoiamuru bodi kinatoa kontakti kavu, yaani kinagusanisha nyaya mbili au kuziachanisha, bila kupeleka umeme wake.

Kontakti zenyewe ni za aina mbili. Iliyoandikwa NO iko wazi kifaa kikiwa kimetulia, na inagusana pale tu kinapofanya kazi. Iliyoandikwa NC inagusana muda wote, inaachana kifaa kinapofanya kazi. Amri za kufungua na kufunga zinatumia NO. Vitu vya usalama, yaani macho na swichi ya kusimamisha, kwa bodi nyingi vinatumia NC, na ipo sababu: panya akikata waya wa macho, bodi inaona kontakti imeachana na inakataa kufunga. Kama macho yangetumia NO, waya ungekatika na geti lingeendelea kufunga kama kawaida, mtoto akiwa katikati.

Ndiyo maana bodi mpya huja na jampa, vipande vifupi vya waya, kwenye matundu ya STOP (la swichi ya kusimamisha) na PHOTO (la macho). Vinaidanganya bodi kwamba vifaa vya usalama vipo na viko salama. Ukifunga kifaa cha kweli, jampa ya tundu hilo inatoka. Usipofunga, inabaki. Ukishika hilo, umeshaepuka nusu ya simu za usiku.

Vitu vya kuwa navyo

- Mita inayopima volti za AC (kama umeme wa ukutani) na DC (kama wa betri), na yenye mlio wa kupima kama waya umeungana.
- Bisibisi bapa ndogo, ya milimita 2.5 au 3. Kubwa huvunja konekta za bodi.
- Plaisi ya kukatia na ya kuvulia waya.
- Kebo ya nyaya mbili kwa jicho linalorusha na ya nyaya nne kwa jicho linalopokea, unene wa milimita za mraba 0.5 au 0.75.
- Kebo ya nyaya mbili ya 1.5 kwa kufuli.
- Paipu za plastiki na glandi za kuingilia kwenye boksi.
- Diodi 1N4007 kama kufuli ni ya DC.
- Kijitabu cha bodi yako. Mpangilio wa matundu unatofautiana kati ya bodi moja na nyingine hata kama maboksi yanafanana kwa nje.

Kuhusu waya, kuwa mkali dukani. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona ndani ni mweupe, huo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa hewa yetu ya chumvi, hasa Paje, Jambiani na Nungwi, waya huo unageuka unga ndani ya konekta, na geti linaanza vituko ambavyo hakuna anayevielewa. Nunua wa shaba tupu.

Hatua kwa hatua

1. Zima umeme kweli kweli. Shusha breka ya geti, na kama kuna betri ya akiba chomoa waya wake mmoja. Mota za volti 230 zina kapasita, inayobaki na umeme hata baada ya kuzima. Subiri dakika chache na usiguse miguu yake. Kisha pima kwa mita pale umeme unapoingia. Breka iliyoandikwa "geti" kwa kalamu si uthibitisho.

2. Piga picha ya bodi. Iwe ya karibu, herufi za matundu zisomeke, jampa zote zionekane. Jampa utakazotoa zitie kwenye kifuko kidogo na uziache ndani ya boksi. Utazihitaji siku ya kutafuta hitilafu.

3. Pima umeme wa vifaa. Washa tena, mikono mbali na upande wa 230, weka mita kwenye matundu ya kutolea umeme wa vifaa. Pima kwa AC, kisha kwa DC. Bodi nyingine hutoa DC, nyingine AC, na iliyoandikwa 24 inaweza kusoma 27 au 28 ikiwa haijabeba mzigo. Kibodi cha DC pekee ukikitia kwenye AC kinaungua papo hapo. Angalia pia kijitabu kinaruhusu milliampia ngapi. Bodi nyingi zinaishia kati ya 200 na 500 kwa vifaa vyote kwa pamoja. Jumlisha mahitaji ya vifaa vyako. Yakizidi, nunua adapta ya pembeni. Ukimaliza, zima tena.

4. Pitisha nyaya. Waya wa 230 na nyaya za vifaa zisikae paipu moja. Zikifuatana kwa mita nyingi, umeme mkubwa unazigusa hizi ndogo kwa mbali na bodi inasoma amri ambazo hakuna aliyezitoa. Usiunge waya chini ya ardhi. Kama lazima uunge, unga ndani ya boksi dogo lililo juu ya ukuta. Masika ikianza Machi, kiungio kilichofukiwa ndicho cha kwanza kuleta matatizo.

5. Macho. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi.

Weka jicho linalorusha upande mmoja wa mlango na linalopokea upande wa pili, kimo cha sentimita 40 mpaka 60 kutoka chini, yote usawa mmoja. Ukiyapandisha juu zaidi, mtoto mdogo au mbuzi anapita chini yake bila kuonekana. Linalopokea lisitazame jua la asubuhi au la jioni moja kwa moja. Ukiweza kuchagua, jua hilo lipige upande wa linalorusha.

Linalorusha linataka nyaya mbili tu, chanya na hasi. Linalopokea linataka nne: mbili za umeme na mbili za kontakti, COM (upande wa pamoja) na NC. Za umeme zinakwenda kwenye matundu uliyoyapima hatua ya tatu. Za kontakti zinakwenda PHOTO na COM ya bodi, na jampa ya PHOTO sasa inatoka. Ukiisahau hapo, macho yatawaka taa zake vizuri, utaridhika, na geti halitasimama kwa kitu chochote.

Bodi nyingine hujaribu macho yenyewe kabla ya kila safari: inakata umeme wa jicho linalorusha kwa muda mfupi na kuangalia kama linalopokea limegundua. Ukitaka kutumia jaribio hilo, jicho linalorusha linaunganishwa kwenye tundu lake maalumu lililoonyeshwa kwenye kijitabu. Ukiliunga kwenye umeme wa kawaida huku jaribio limewashwa, geti linagoma kabisa ingawa macho ni mazima.

Washa umeme, nyoosha macho mpaka taa ya linalopokea itulie. Amuru geti lifunge, pitisha ubao kati ya macho. Geti lisimame na kurudi nyuma. Rudia likiwa karibu kufika mwisho. Usijaribu kwa mguu wako, na usimruhusu mtu kujaribu kwa wake.

Ukiitwa kwenye geti ambalo macho yameharibika na mwenye nyumba anasema "weka jampa tu, tutanunua mengine mwezi ujao," kataa. Achia mota kwa ufunguo, geti lisukumwe kwa mkono mpaka macho yapatikane. Watoto wanaotoka chuoni (madrasa) jioni hawajui kwamba geti hili halina macho.

6. Swichi, kibodi na intakomu. Swichi ya ndani ni rahisi: waya mmoja COM, mwingine kwenye tundu la amri ya hatua, ambalo hubonyezwa kwa kufungua, kusimamisha na kufunga kwa zamu. Likiwepo tundu la PED, swichi ya pili hapo itafungua nafasi ya mtu kupita kwa miguu tu.

Kibodi kinakula umeme, kwa hiyo nyaya mbili za umeme, halafu COM na NO za rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) kwenda COM na tundu la amri. Kifaa cha simu, cha kufungulia geti kwa kupiga au kwa intaneti, kinaungwa hivyo hivyo.

Intakomu ni ya kuangaliwa sana. Nyingi zimetengenezwa kufungua kufuli, hivyo zikibonyezwa hutoa volti 12 badala ya kontakti kavu. Volti hizo zikiingia kwenye tundu la amri zinaweza kuua bodi. Pima kwanza. Zikiwepo, weka rilei ndogo ya volti 12 katikati: intakomu iwashe rilei, na kontakti ya NO ya rilei ndiyo iende kwenye bodi.

Vifaa vya amri vikiwa vingi vinaungwa sambamba: vyote COM moja na tundu moja. Vya usalama vikiwa vingi kwenye tundu moja vinaungwa kwa mfululizo, kontakti ya kwanza ikitoka iingie ya pili, ili kimoja tu kikiachana mnyororo mzima uachane. Ukiunga jozi mbili za macho sambamba, jozi moja ikizibwa nyingine inaificha, na hakuna ulinzi tena.

7. Swichi ya kusimamisha. Iwe ya NC, nyekundu, mahali mtu anapoifikia bila kuvuka njia ya geti. Toa jampa ya STOP. Ukinunua ya NO kwa bahati mbaya, geti litagoma kwa kila kitu mpaka ubonyeze swichi, kinyume kabisa na unachotaka.

8. Taa ya kumweka. Soma volti ya tundu la taa kabla ya kununua taa. Bodi za mota za AC mara nyingi hutoa 230 hapo, za DC hutoa 24 au 12. Kisha angalia nani anayemwekesha. Kama bodi inawasha na kuzima yenyewe, nunua taa ya kawaida. Kama bodi inatoa umeme mfululizo, nunua yenye kumweka yenyewe. Vyote viwili vikimweka, taa itaruka ovyo na watu watadhani imeharibika.

9. Kufuli ya umeme. Usiiunge kwenye umeme wa vifaa. Kufuli ya sumaku ya nguvu ya kilo 280 hula takriban nusu ampia kwa volti 12, na za kuvuta ulimi hula zaidi kwa mshtuko mmoja. Kama bodi yako ina tundu la LOCK, soma linaruhusu ampia ngapi. Kama halina au halitoshi, tumia adapta ya pembeni na rilei.

Unene wa waya ni muhimu hapa kuliko pahala pengine popote. Chukua kufuli ya volti 12 inayokula ampia moja, mita 30 kutoka kwenye boksi. Umeme unakwenda mita 30 na kurudi 30. Kwa waya wa 0.5 unapoteza kama volti 2 njiani, kufuli inabaki na 10, inavuma na haiachii. Kwa waya wa 1.5 unapoteza chini ya volti moja, inaachia vizuri.

Kufuli ya DC iwekee diodi 1N4007 mgongoni, sambamba na nyaya zake, mstari mweupe ukielekea chanya. Kufuli inapozimwa hurudisha mshindo wa umeme unaokula kontakti za rilei, diodi inaumeza. Ukiigeuza diodi, unaunda shoti, na fyuzi itakuonyesha. Kufuli ya AC haiwekewi diodi.

10. Antena. Rimoti nyingi za mageti hutumia megahezi 433.92, na waya wa antena kwa masafa hayo ni sentimita 17 na kidogo. Ukiongeza antena ya nje, waya wa kati wa koaksia (kebo ya antena) unakwenda tundu la ANT, wavu wake unakwenda ardhi ya antena. Usizungushe ziada ya waya ndani ya boksi la chuma. Ifupishe au itoe nje.

11. Betri ya akiba. Ni ya mota za DC. Mota ya volti 230 haiendeshwi na betri hizi bila inveta. Kwa volti 24 unahitaji betri mbili za 12, kwa kawaida za 7Ah, zilizoungwa kwa mfululizo: chanya ya moja na hasi ya nyingine, nyaya mbili zilizobaki ziende kwenye kadi ya kuchaji. Pima volti na mwelekeo kabla ya kuchomeka, maana kadi ikigeuziwa hairudi. Hata ukiwa na betri, mwonyeshe kila mkaazi wa nyumba ufunguo wa kuachia mota unakaa wapi. Umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla, huisha usiku pia.

12. Funga boksi kwa ajili ya chumvi na wadudu. Matundu ya nyaya yawe chini ya boksi, kila kebo ishuke kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondoke nje. Ziba kila upenyo. Mjusi kafiri anapenda joto la transfoma na akilala juu ya bodi anaunganisha kisichotakiwa kuungana. Sisimizi hujaza rilei. Ukitumia silikoni, epuka ile inayonuka siki, kwa sababu mvuke wake unakula shaba. Skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ukimaliza kukaza nyaya, paka vaselini kidogo sana juu ya vichwa vya skrubu za konekta za volti ndogo, si za upande wa 230.

Jambo ambalo halina hatua yake kwa sababu linahusu zote: funga kifaa kimoja, washa, jaribu, zima, kisha nenda kingine. Anayefunga vitano kwa pamoja halafu akawasha, hitilafu ikitokea hajui aanzie wapi.

Geti likileta matatizo

Bodi nyingi zina taa ndogo kwa kila tundu. Geti likiwa limetulia, taa za STOP na PHOTO zinatakiwa kuwaka, taa za amri zizime. Anza kwa kutazama hapo.

*Linafunguka, halifungi.* Taa ya PHOTO imezima. Futa vioo vya macho, toa utando wa buibui, angalia kama moja limegongwa na gari likapinda. Bado? Chomoa nyaya za kontakti kwenye bodi na pima COM na NC za jicho linalopokea, umeme ukiwepo na njia ikiwa wazi. Mita isipolia, tatizo ni jicho au mwelekeo. Ikilia, tatizo ni waya kati ya hapo na bodi. Likigoma jioni tu, ni jua.

*Haliitikii chochote.* Tazama STOP. Taa yake ikiwa imezima, jampa imetoka au swichi imekwama. Ikiwa hakuna taa hata moja, angalia breka, halafu fyuzi.

*Rimoti na swichi zote zinafungua, kisha geti linabaki wazi.* Taa ya amri inawaka muda wote: swichi imekwama au imeingia maji. Chomoa waya wake, jaribu kwa rimoti.

*Fyuzi ya vifaa inakatika kila ukiwasha.* Kuna shoti kwenye nyaya za nje. Usiweke fyuzi kubwa zaidi.

*Macho yanazimika kufuli inapofanya kazi.* Kufuli imeungwa kwenye umeme wa vifaa. Rudi hatua ya 9.

*Rimoti inafanya kazi ukiwa mlangoni tu.* Antena imelegea, au wavu wa koaksia umegusa waya wa kati.

*Linafunguka lenyewe.* Chomoa kwanza intakomu, kisha swichi iliyo mbali zaidi. Likitulia, kebo hiyo ina unyevu au inafuatana na waya wa 230.

Kabla hujamwambia mtu anunue bodi, zima umeme, chomoa vifaa vyote vya nje, rudisha jampa zilizo kwenye kifuko, mzuie kila mtu asipite, washa na jaribu kwa rimoti peke yake. Geti likienda na kurudi, bodi ni nzima. Zima, rudisha kifaa kimoja na utoe jampa yake, washa, jaribu. Ukifika kwenye kile kinachorudisha tatizo, kifuatilie waya wake mpaka mwisho.